Mwenye Kuwashwa Usiku Ana Udhuru

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, wasomaji wetu watukufu, akina mama na akina baba, juma hili nimekusudia kuzungumza juu ya maradhi ambayo watu wazima wengi huyaficha ndani ya mikono mirefu ya nguo zao. Nayo ni ukurutu, ambao wengine huuita pumu ya ngozi na hospitalini huitwa ekzema. Hasa nitazungumza juu ya mwasho wake wa usiku, ambao humnyima mtu usingizi na wakati mwingine humnyima hata amani ya nyumba yake.

Kilichonisukuma ni kisa cha dada mmoja, ambacho ninakisimulia kwa idhini yake na ya mumewe. Alinijia baada ya darsa ya akina mama, akasubiri mpaka wenzake wametoka, kisha akasema, "Maalim, nisomee. Nyumba yangu inavunjika."

Kila ikikaribia saa sita za usiku, alieleza, mwili wake hushika moto. Huwashwa viwiko, nyuma ya magoti, shingo na mgongo, akajikuna mpaka damu. Kwa kuogopa kumsumbua mumewe hutoka kitandani akaenda kujilaza juu ya saruji ya jikoni, kwa kuwa ile saruji ina ubaridi, na hapo hukaa mpaka adhana ya Alfajiri. Mumewe aliamka usiku baada ya usiku akakuta nafasi tupu. Mwanzo aliuliza, baadaye akanyamaza, mwisho akahamishia mto wake sebuleni. Mavyaa naye akatoa hukumu yake: mwanangu ameoa mwanamke mwenye jini mahaba, kwani ni mke gani huyo anayekimbia kitanda cha mumewe usiku wa manane? Yule dada mwenyewe alikuwa ameshaanza kuyaamini maneno hayo.

Nami, Mola anisamehe, nilifuata mkondo ule ule. Nilimsomea kwa wiki tatu, nikampa mafuta ya habasoda ajipake, nikamuusia subira. Kumsomea Qur'ani sikujutii wala sitakujutia. Ninachojutia ni kwamba sikumuuliza swali jepesi kuliko yote: ngozi yako ina nini? Wiki ya nne alikuja analia, kwani yale mafuta yalikuwa yamemzidishia moto. Mke wangu akamchukua chumbani akamtazama, kisha akarudi kwangu na kuniambia, "Bwana, huyu si wa kusomewa peke yake. Ngozi ya viwiko vyake imekuwa ngumu kama gome la mwembe, na ina vidonda. Mwambie mumewe ampeleke kwa daktari wa ngozi."

Alipelekwa. Daktari alimuuliza habari za utotoni, akajua kwamba aliugua pumu ya kifua na kwamba mamaye husumbuliwa na mafua ya mzio. Akamwambia kwamba ule ni ukurutu, ugonjwa unaotembea katika koo pamoja na hayo mengine mawili. Huanza aghalabu utotoni, nao waweza kurudi au hata kuanza ukubwani. Hauambukizi, wala hautokani na uchafu wala uvivu.

Tangu siku ile nimejiona nina deni kwa wasomaji, na haya ndiyo malipo yake.

Sharia imekwisha kuutambua mwasho

Enyi ndugu zangu, mwasho si jambo dogo mbele ya sharia. Tunajua sote kwamba mwanamume wa Kiislamu ameharamishiwa kuvaa hariri. Hata hivyo, katika vitabu viwili vilivyo sahihi zaidi vya Hadithi, cha Bukhari na cha Muslim, imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu masahaba wawili wakubwa, Abdurrahman bin Awf na Zubayr bin Awwam, wavae hariri kwa sababu ya mwasho uliowapata.

Tulitafakari hilo. Wawili hao ni miongoni mwa wale kumi waliobashiriwa Pepo, watu wa jihadi na wa subira. Mwasho ulipowasumbua hawakuambiwa kwamba imani yao ni dhaifu, wala hawakuambiwa wavumilie tu. Waliondolewa katazo zima ili ngozi zao zipate raha. Sisemi kwamba hariri ndiyo dawa ya ukurutu. Huko Uingereza watafiti wamewapima watoto wenye ukurutu kwa nguo maalumu za hariri, na hawakuona faida yoyote kubwa juu ya matibabu ya kawaida. Funzo lililomo ni kwamba mwasho ni udhuru. Ikiwa sharia ya Mola imemlegezea mwenye kuwashwa, mume, mavyaa na wifi wana haki gani ya kumkazia?

Kwa nini usiku?

Ngozi yenye afya ni kama ukuta wa nyumba zetu za kale za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na kushikwa kwa chokaa. Chokaa ikibanduka, mvua na chumvi hupenya, na ukuta huanza kuliwa kutoka ndani. Kwa mwenye ukurutu, yale mafuta ya asili yanayoshikanisha ngozi ni pungufu. Maji ya mwilini hutoka, na sabuni, vumbi na manukato huingia. Kinga ya mwili huamka kana kwamba imevamiwa na adui, ngozi ikavimba na kuwasha. Katika ngozi zetu nyeusi wekundu wake hauonekani sawasawa. Huonekana kama weusi uliozidi, au rangi ya kijivu, au vipele vidogo vidogo, na kwa hivyo ni wepesi kudharauliwa.

Usiku mambo manne hukutana. Kwanza, mwili wetu hutengeneza homoni iitwayo kotisoli ambayo hutuliza uvimbe, nayo hushuka sana karibu na usiku wa manane. Pili, ngozi hupoteza maji zaidi usiku kuliko mchana. Tatu, mwili unapojitayarisha kulala hupeleka joto lake kwenye ngozi, na joto huchochea mwasho. Nne, mchana akili ina kazi na watoto na soko, lakini gizani haina la kushika ila ule mwasho. Basi anayewashwa saa sita za usiku na kuonekana mzima saa sita za mchana hajifanyi, wala hapana kiumbe aliyemwekea miadi ya usiku.

Kisha kuna kujikuna kwenyewe. Kucha hutuliza kwa dakika moja na huku zinabomoa chokaa iliyobaki. Ngozi iliyobomoka huwasha zaidi, mwasho huita kucha tena, na mwisho ngozi hukakamaa. Kumwambia mgonjwa "acha kujikuna" hakumfai kitu, kwa sababu wengi hujikuna wakiwa usingizini. Kinachofaa ni kuutuliza mwasho wenyewe kabla kichwa hakijafika kwenye mto.

Usiku hutengenezwa tangu Magharibi

Anza na kuoga. Maji yawe ya uvuguvugu au ya baridi kidogo, kamwe yasiwe ya moto. Dakika 5 hadi 10 zatosha. Tumia sabuni laini isiyo na harufu, na uipeleke pale inapohitajika tu. Visima vyetu vingi vya pwani vina maji ya chumvi. Ikiwa chako ni hivyo, malizia kwa kujimiminia kopo la maji matamu. Usijisugue kwa dodoki, wala kwa singo, wala kwa liwa wakati ngozi imechafuka. Taulo iguse na kunyonya maji, isiburuzwe.

Ngozi ingali na unyevu, ndani ya dakika 3 hivi, paka mafuta mazito yasiyo na manukato. Mafuta ya mgando meupe ya kawaida yanafaa, nayo hayana bei kubwa. Usiyafanyie ubahili, kwani mtu mzima ambaye ngozi yake kubwa imeshikwa aweza kuhitaji gramu 250 au zaidi kwa wiki. Yachote kwa kijiko safi ili vidole visipeleke vijidudu ndani ya kopo, kisha uyashushe taratibu kufuata malaika ya mwili, usiyasugue. Mafuta safi ya nazi yamewafaa baadhi ya watu. Mafuta ya zeituni ni chakula chenye baraka, lakini yakipakwa kwenye ngozi ya namna hii yameonekana kuudhoofisha ule ukuta wake. Habasoda nayo imewahi kuwaletea watu mzio wa ngozi, na mimi nimeshuhudia. Baraka ya kitu haimaanishi kwamba kinafaa kila mahali pa mwili.

Jambo la tatu ni dawa ya kupaka ya steroidi ambayo daktari huandika ngozi inapochachamaa. Hapa watu wetu wamegawanyika mafungu mawili, na yote mawili hupotea. Fungu la kwanza huiogopa, wakapaka tone wakati panahitajika zaidi, na ugonjwa ukaendelea kula. Fungu la pili hununua dukani krimu kali yoyote iliyomfaa jirani, wakaipaka usoni na kila mahali kwa miezi, hata ngozi ikawa nyembamba kama karatasi. Njia ya kati ni kutumia ile uliyoandikiwa, mahali ulipoambiwa, kwa muda uliowekewa. Kipimo chake ni chepesi: dawa iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kiungo cha kwanza yatosha kupaka eneo la viganja viwili. Kati ya dawa hii na mafuta acha muda, na muulize daktari ipi itangulie. Aliyekwisha kuitumia kali kwa muda mrefu asiikate ghafla pasi na kumuuliza.

Na enyi dada zangu, tahadharini na krimu za kujichubua. Baadhi yake zimetiwa steroidi kali kwa siri, na nyingine zebaki. Mwanzo hutuliza mwasho, na mwenye kuzitumia akadhani amepata dawa. Baadaye humwacha na ngozi iliyoharibika, na zebaki hudhuru hata mafigo.

Nne ni kitanda. Nalazimika hapa kugusa jambo tulipendalo sote. Sisi watu wa pwani twafukiza matandiko kwa udi, twatia asumini mtoni, twapaka halud shingoni, na haya ni katika uzuri wa ndoa. Lakini moshi na manukato ni maadui wa ngozi yenye ukurutu. Udi na ufukizwe sebuleni kabla ya wageni, usifukizwe kwenye shuka. Asumini na ikae katika sahani dirishani. Hina halisi na ipimwe kwanza mahali padogo, ama ile nyeusi iliyochanganywa na piko iachwe kabisa, kwa kuwa rangi yake huleta mzio mkali na malengelenge. Mume mwema ataridhika na mke asiye na harufu ya udi lakini aliyelala.

Shuka na nguo za kulalia ziwe za pamba. Nguo za nailoni na mablanketi ya sufi huzuia hewa na kuchoma. Leso kuukuu ya pamba iliyofuliwa miaka mingi ni shuka bora kuliko nyingi za dukani. Zifue kwa sabuni kidogo ya unga, uzisuuze mara mbili, wala usitie dawa ya kunukiza nguo. Msimu wa kaskazi, jasho linapotiririka, fungua madirisha na uwashe feni, na ukitoka jasho lioshe au lipanguse kabla halijakaukia mwilini. Chandarua usikiache, kwani kuumwa na mbu ni mwasho juu ya mwasho, na malaria iko. Kikiwa kipya chenye dawa, kianike kivulini siku nzima kabla ya kukitumia.

Tano ni kucha. Kuzikata ni katika sunna za maumbile, nasi tumefundishwa tusizipitishe siku arubaini. Kwa mwenye ukurutu, kila Ijumaa zikatwe na ncha zake zilainishwe. Anayejikuna usingizini avae glavu nyepesi za pamba.

Mwasho ukikuamsha

Pamoja na yote haya, kuna usiku utakaoamka. Usipambane na kucha zako gizani. Chukua kitambaa safi ulichokilowesha kwa maji baridi ukakikamua, ukibonyeze juu ya mahali panapowasha kwa dakika chache. Kisha paka mafuta tena. Yawekwe karibu na kitanda, na mwenye jokofu aweza kuyahifadhi humo, kwani ubaridi wake hutuliza. Ukishindwa, bonyeza kwa kiganja au pigapiga polepole, usikwaruze. Usifungue simu, kwa maana mwanga wake na habari zake hufukuza usingizi uliobaki. Rudi ulale, na ulimi wako uwe katika kumtaja Mola mpaka usingizi ukuchukue.

Wengi humeza vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi. Vidonge hivyo humlaza mtu, ila mwasho wa ukurutu hauponywi navyo. Siku moja mbili kwa ushauri wa daktari hapana neno. Kuvifanya desturi ya kila usiku si sawa, na zaidi kwa wazee, ambao huweza kupepesuka na kuanguka wakienda chooni, na kwa madereva, ambao huamka na usingizi ungali machoni.

Si kila mwasho wa usiku ni ukurutu

Hapa naomba msome kwa makini. Ikiwa katika nyumba watu wawili watatu wanawashwa usiku, na vipele viko baina ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri, huenda huo ni upele unaoletwa na kijidudu kidogo kinachochimba ngozi. Huo huambukiza. Dawa yake ni nyingine, na lazima nyumba nzima itibiwe kwa pamoja, na nguo na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto au yaanikwe jua kali.

Mama mjamzito, hasa katika miezi ya mwisho, akiwashwa viganja na nyayo usiku na ngozi yake haina vipele, asiseme ni mambo ya mimba. Aende hospitali bila kuchelewa, kwani yaweza kuwa maradhi ya ini ya ujauzito ambayo humhatarisha mtoto tumboni. Na mtu mzima yeyote anayewashwa mwili mzima kwa wiki nyingi pasipo upele wowote apimwe damu, kwa kuwa ini, figo na tezi la shingoni huweza kutoa mwasho wa namna hiyo.

Mwenye ukurutu naye akiona usaha, magamba ya manjano, homa, au malengelenge madogo yenye maumivu yaliyojikusanya pamoja, asingoje asubuhi ya Jumatatu. Huo ni uambukizo juu ya ukurutu, nao una haraka.

Masuala ya ibada

Yule dada aliniuliza jambo ambalo wengi huliuliza kwa kunong'ona: "Maalim, nikijipaka mafuta, udhu wangu utasihi?" Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, wanazuoni wamebainisha kwamba kinachozuia ni kitu chenye mwili kinachofunika ngozi na kuyazuia maji yasiifikie, kama nta au unga uliokandwa. Ama athari ya mafuta, ambapo maji huigusa ngozi na kupita juu yake ingawa hayakai, haidhuru. Kwa hivyo njia nyepesi ni kuswali Isha na Witri kwanza, kisha kujipaka. Alfajiri, kama kumebaki tabaka nzito, ipanguse kwa kitambaa, utawadhe, kisha ujipake tena. Na ikiwa daktari mwaminifu amesema maji yatazidisha vidonda, basi ruhusa ya kutayamamu ipo kwa ajili yako, nawe usione haya kuitumia. Muulize mwalimu wako namna yake kulingana na mahali palipo na jeraha.

Ama saumu, kupaka dawa juu ya ngozi hakuibatilishi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1997, lilitaja marhamu na dawa zinazofyonzwa na ngozi miongoni mwa visivyobatilisha saumu. Basi asiache mtu dawa yake mwezi wa Ramadhani akateseka bure.

Na kusomewa? Hakuna aliyekukataza. Imethibiti kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa akiingia kitandani hukusanya viganja vyake, akasoma Ikhlasi, Falaq na Nas, akavipulizia, kisha akavipangusa juu ya mwili wake mara tatu. Nami nilimwambia yule dada: jipake dawa yako kama ulivyoelekezwa, kisha ukusanye viganja vile vile na usome. Dawa ni sababu, na Mwenye kuponya ni Mola, na aliyeumba maradhi ndiye aliyeumba dawa yake. Anayeacha sababu na kusema anategemea, mfano wake ni wa nahodha anayengoja upepo wa kusi na tanga hajalipandisha.

Kwa watu wa nyumba

Kabla sijafunga, nina neno kwa waume. Mkeo akitoka kitandani usiku, usianze na dhana. Washa taa umuulize, na ukiona mgongo wake umechubuka, jua kwamba kuna mahali ambapo mkono wake hauwezi kufika na wako unafika. Na wake pia, mume anayejikuna usiku kucha na kuamka mkali si lazima awe amekasirikia kwako. Aliyekosa usingizi kwa mwezi mzima hana subira ya kugawa. Na kwa akina mama wakwe, ninawaomba kwa heshima zenu zote: jina la jini ni jepesi kulitamka na zito kuliondoa. Msilitie katika nyumba za wanenu kabla ya daktari kutazama ngozi.

Mtataka kujua ilikuwaje. Ukurutu wa yule dada haukwisha, na daktari alimwambia waziwazi kwamba ni maradhi ya kuishi nayo kwa adabu, yakija na kuondoka. Lakini baada ya wiki chache za mafuta, dawa na kitanda kisicho na manukato, alianza kulala usiku mzima, usiku mwingi kuliko ule wa kukesha. Mumewe alikuja kwangu peke yake baada ya swala ya Ijumaa. Alikaa kitako muda mrefu, kisha akasema, "Sheikh, mwaka mzima nililala sebuleni nikidhani nachukiwa. Sasa kila usiku mimi ndiye ninayempaka mgongo." Kisha akacheka, akajifuta macho.

Mavyaa naye hakusema neno, ndivyo walivyo wazee wetu. Ila siku moja alifungua sanduku lake, akatoa leso zake nne kuukuu za pamba, zile zilizolainika kwa kufuliwa tangu yeye mwenyewe alipokuwa bi harusi, akazikunja, akampelekea mkaza mwanawe. Akamwambia, "Haya, mwanangu, lalia hizi. Hazichomi."

Ewe Mola, Mponyaji wa kila mgonjwa, wape afueni wote wanaowashwa usiku na watu hawajui, warejeshee usingizi wao, na uzijaze nyumba zetu huruma kabla ya dhana. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.